Salama ya Kwanza

1

Ngazi za winchi namba tatu zilikuwa sitini na mbili. Nyamizi Luhende alizijua kama anavyoyajua meno yake, maana kwa miaka miwili ndizo zilizokuwa zinampima damu. Mwezi ukiwa mwema alifika juu kwa pumzi moja na kuwasha redio. Siku ya kwanza ya hedhi alipumzika kwenye ngazi ya arobaini. Siku ya pili, kwenye ya ishirini na tano. Siku ya tatu haikuwa na hesabu. Siku ya tatu alipanda kama gunia linalojibeba lenyewe, mikono miwili kwenye bomba, moyo unamdunda masikioni kama jirani anayetwanga kisamvu.

Asubuhi hiyo ilikuwa siku ya tatu.

Kule juu, ukweli ni kwamba kazi haikuwepo. Winchi ilijiendesha. Ilinyanyua makontena kutoka kwenye treni isiyo na dereva ikayashusha kwenye malori yasiyo na dereva, na tangu ifungwe pale haijawahi kuangusha hata kiberiti. Lakini sheria ilitaka kila mashine kubwa iwe na mtu aliyekaa ndani yake, ili siku ikiua, pawe na wa kupelekwa mahakamani. Kwenye karatasi waliitwa Waangalizi wa Usalama. Wenyewe hapo bandari kavu ya Igulumo walijiita walaumiwa. Mgeni akiuliza umesomea nini, unamjibu: kulaumiwa, daraja la pili. Na si utani, ilikuwa miezi tisa darasani na mtihani juu.

Mlaumiwa haruhusiwi kuondoka kibandani mpaka saa sita za zamu yake ziishe. Choo kiko chini. Nyamizi alikuwa amevaa pedi mbili, juu yake kipande cha taulo alichokikata mwenyewe, juu yake kaptula ya kubana, juu yake suruali ya kazi, halafu kanga kiunoni. Kwenye kiti alitandika kiroba cha mchele. Pamoja na ngome yote hiyo, ilipofika saa nne alisikia bonge linashuka, zito, la moto, akajua kiroba kimepata kazi.

"Winchi tatu," redio ikakoroma. "Winchi tatu, uko hai?"

Alikuwa Zamoyoni, mlaumiwa wa winchi namba nne. Kila saa walitakiwa kuitana ili kuhakikisha hakuna aliyesinzia. Vibanda vyao vilitazamana, dirisha kwa dirisha.

"Niko hai."

"Mbona sauti kama ya maiti aliyesahau kitu nyumbani?"

"Siku ya tatu, shoga."

"Loo, pole mwaya. Mimi ya nne. Tunafuatana kama mabehewa."

"Na wewe unaendeleaje?"

"Salama tu, mwenzangu, salama."

Nyamizi alitazama ng'ambo. Zamoyoni alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, macho yamefungwa, kipaza sauti kimening'inia mdomoni kama sigara.

2

Zahanati ya Igulumo ilikuwa na nesi mmoja na Shangazi mmoja. Daktari hakuwepo tangu yule wa mwisho ahamishiwe mkoani, na hakuna aliyeletwa badala yake, kwa sababu Shangazi alikuwa anatosha.

Shangazi alikuwa sanduku la bluu lililofungwa kwenye dirisha la kile kilichokuwa chumba cha sindano. Alikuwa na jina lake la serikali, refu kama treni, lakini watu walimwita Shangazi kwa sababu aliuliza mambo ambayo ni shangazi tu ana haki ya kuyauliza. Chini yake kulikuwa na droo ya chuma. Ukishamjibu, droo inafunguka na kukupa unachostahili: dawa ya minyoo, vidonge vya chuma, au, kwa waliobahatika, punje.

Punje ilikuwa na ukubwa wa chembe ya mchele. Nesi anaiweka ndani ya mji wa mimba, inatulia humo, inaonja damu. Ikiona inazidi, inatoa dawa tone kwa tone mpaka mambo yapoe. Kila mwezi Shangazi anaongea nayo kwa mawimbi, anaiambia iongeze au ipunguze. Bila Shangazi, punje ni mchele kama mchele mwingine.

Nyamizi alishanyimwa punje mara tatu. Kabla ya hapo alikuwa ameshapitia yote wanayopitia wenzake. Alikunywa rozela mpaka ulimi ukageuka rangi. Alimeza vidonge vya chuma vikamfunga choo. Aliwekewa kitanzi, kikatoka chenyewe mwezi wa pili, kimefuatana na bonge kama mgeni aliyesindikizwa. Mama yake mdogo alimwambia azae mmoja zaidi, itakata. Alizaa. Haikukata.

Foleni ikasogea. Akafika dirishani, akabandika mkanda wake kwenye kioo. Mkanda huo ulivaliwa ndani ya nguo siku zote za hedhi, ukipima uzito wa damu.

"Karibu, mwanangu," Shangazi akasema kwa sauti yake ya mama aliyeshiba. "Habari za kazi? Hali yako?"

"Salama tu, Shangazi. Ila siku zangu zimekuwa..."

"Mkanda unaonyesha vikombe vitatu vya kahawa. Kwako wewe hiyo ni kawaida, mwanangu. Kunywa maji. Kula mchicha."

Droo ikatema vidonge kumi vya chuma.

"Mchicha!" Nyamizi akamgeukia nesi. "Dada Milembe, kwa mchicha niliokula, ningekuwa mbuzi ningeshachinjwa sikukuu mbili zilizopita."

Nesi Milembe, mwanamke wa miaka hamsini na ushee mwenye viatu vya raba na uchovu wa wodi nzima, alitabasamu kwa upande mmoja tu. "Yeye ndiye mwenye ufunguo, mdogo wangu. Mimi hapa ni mlango tu."

Nyamizi alikuwa anageuka kuondoka, ndipo akakiona kitu alichokuwa akikitazama miaka yote bila kukiona. Pembeni ya kioo cha Shangazi palikuwa na taa ndogo ya kijani. Shangazi akisikiliza, inawaka. Nayo ilikuwa imezimika zamani, kabla hajafika kwenye ila.

Akabaki amesimama. Taa ile alishawahi kuishika mkononi mwake mwenyewe.

Miaka kumi na miwili nyuma, akiwa na miaka ishirini na sita na nguvu za punda, aliongoza kikundi cha wasichana kumi, yeye akiwamo, waliopita vijijini na vinasa sauti. Mradi ulikuwa unatafuta sauti elfu tisini za wanawake, ili kufundisha mashine ambayo ingetibu pasipo na daktari. Kwa kila mwanamke walichukua mkanda wake wa mwezi, halafu walimuuliza: hali yako? Na kumrekodi dakika moja nzima.

Waliobuni ile mashine walikuwa watu wema kabisa. Walisema, tangu enzi na enzi wanawake wanasema na hawasikilizwi, sasa safari hii neno la mwanamke liwe zito kuliko kipimo. Mkanda ukisema damu nyingi na mwenyewe akasema sijambo, aaminiwe mwenyewe.

Lakini Igulumo nani anaulizwa hali akajibu hali? Unajibu salama kwanza. Hata nyumba inawaka moto, unasema salama, habari za kwako, watoto hawajambo? Halafu ndipo unasema, ila nyumba inaungua. Kusema shida kabla ya salama ni kumtupia mtu mzigo hajaweka hata mguu ndani.

Na wanawake wale wakishafika kwenye ila, walilia. Walitaja waume. Walitaja mashuka waliyoyachoma moto, watoto waliowatoka chooni bila kujua kama walikuwa watoto. Nyamizi alikaa kwenye mkeka wa watu na kile kidude mkononi, akaona aibu kama ya mtu anayechungulia bafuni. Siri za watu zinaenda kusikilizwa na wageni gani, huko mbali? Siku ya pili tu akaamua kuwasitiri. Mama akisema salama, kidole kinabonyeza, taa inazimika, halafu anakaa naye, anamsikiliza kibinadamu, anamfutia machozi. Akawafundisha na wale tisa wafanye hivyo hivyo. Wakaona ni uungwana.

Kwa hiyo mwanamke alimwaga vikombe vitatu, akasema salama, na mashine ikajifunza kwamba vikombe vitatu ni salama, na kwamba baada ya salama hakuna la kusikiliza.

Nyamizi akarudi mwisho wa foleni. Alipofika tena dirishani hakubandika kwanza mkanda, wala hakusubiri kuulizwa habari za kazi.

"Karibu tena, mwanangu. Hali..."

"Natokwa damu mpaka naona giza."

Nyuma yake foleni nzima ilivuta pumzi. "Hee!" mama mmoja akasema. "Hata salamu? Huyu kalelewa wapi?"

Taa ya kijani ilikaa imewaka. Ikakaa. Halafu droo ikafunguka taratibu, na ndani yake, kwenye kikombe cha plastiki kidogo kuliko kifuniko cha soda, kulikuwa na punje.

3

Mwezi wa kwanza haukuwa na tofauti, na Nyamizi akaanza kumtukana Shangazi kimoyomoyo. Mwezi wa pili mabonge yakapungua. Mwezi wa tatu alimaliza siku ya nne akashangaa, kama mtu aliyejiandaa kwa mvua ya mawe akapata manyunyu. Ngazi sitini na mbili, pumzi moja.

Wenye afya hawajui kinachofurahisha. Kilichomfurahisha Nyamizi ni kwamba alikaa kwenye kochi la watu, kochi la kitambaa cheupe, akainuka bila kugeuka nyuma kutazama. Alifika mlangoni ndipo akagundua kuwa hakugeuka. Akasimama pale akalia, wenye nyumba wakadhani amekumbuka marehemu.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kumpa Zamoyoni siri. Si yote. Hakusema habari za vinasa sauti. Alisema tu: usimsalimie.

"Nisimsalimie?" Redio ilikoroma kwa mshangao. "Shangazi wa watu?"

"Ni sanduku, Zamoyoni."

"Sanduku linaloniita mwanangu. Mwenzangu, baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani Tabora. Sisi kwetu hata kuku ulimsalimia kabla ya kumchinja."

"Basi tufanye mazoezi. Mimi ni Shangazi. Karibu mwanangu, hali yako?"

"Salama."

"Zamoyoni!"

"Umeniuliza!"

"Sema natokwa na damu. Tena. Hali yako?"

"Natok... Shoga, inanikwama. Ni kama kutapika kwa hiari."

Walifanya mazoezi siku nane, winchi kwa winchi, huku makontena yakipita katikati yao bila habari. Siku ya tisa Zamoyoni alikuwa anatamka sentensi nzima bila kujiuma. Nyamizi akamsindikiza zahanati. Foleni ikapungua, zamu ikafika, Zamoyoni akasogea dirishani, akakohoa, akajinyoosha ushungi.

"Karibu, mwanangu. Hali yako?"

"Shikamoo Shangazi, salama tu alhamdulillahi, na wewe u mzima?"

Taa ikazimika.

Walirudi nyumbani wanacheka, wameshikana mikono. Zamoyoni alicheka mpaka akalazimika kukaa kwenye jiwe kando ya njia. Alikaa muda mrefu kidogo. Alipoinuka, jiwe lilikuwa na doa, na wote wawili wakajifanya hawakuliona.

Zamoyoni alirudi kwa Shangazi mara nne zaidi. Mara nne vidonge vya chuma.

4

Siku aliyoanguka Zamoyoni, Nyamizi alimwona. Alikuwa kibandani tayari, anamtazama mwenzake akipanda ngazi za winchi namba nne. Akafika ya kumi, akapumzika. Ya kumi na tisa, akapumzika. Pale alikaa, akaegemea bomba. Nyamizi alikuwa anashika redio amwambie rudi chini, nitakusemea kwa msimamizi. Mkono wa Zamoyoni ukaachia bomba polepole, kama mtu anayeagana na mtu.

Mlaumiwa haruhusiwi kuondoka kibandani. Nyamizi aliondoka. Winchi zote mbili ziliendelea kupanga makontena vizuri sana.

Zamoyoni alilazwa hospitali ya mkoa, nyonga imevunjika, akaongezwa chupa nne za damu. Daktari kule alishangaa mtu mwenye damu kidogo vile alipandaje hata ngazi moja. Baada ya wiki tatu wakamrudisha Igulumo kwa gari, na barua: matibabu ya hedhi yaendelezwe na mfumo wa zahanati ya karibu.

Wakamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka dirishani. Nyamizi mwenyewe ndiye aliyesukuma. Alimnong'oneza: "Leo sema. Kwa ajili ya Mungu, leo sema."

"Pole na safari, mwanangu," akasema Shangazi. "Hali yako?"

Zamoyoni alitazama kioo kwa macho yaliyoingia ndani. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alijitahidi, Nyamizi aliona shingo yake ikijitahidi.

"Nafuu," akasema. "Salama tu."

Jioni hiyo, watu walipokwisha, Nyamizi alifunga mlango wa zahanati kwa ndani akamweleza Nesi Milembe yote. Kinasa sauti, kidole, wale wasichana tisa. Milembe alikuwa anahesabu bandeji. Aliacha kuhesabu.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu, dada."

"Basi ishie kwangu."

"Dada Milembe..."

"Nyamizi, nisikilize. Unaijua sheria kuliko mimi, ndiyo kazi yako. Mashine iliyofundishwa kwa ushahidi mbovu haitibu mtu. Wanaizima siku hiyo hiyo. Sio hapa tu, ukanda mzima. Mpaka ifundishwe upya. Muda gani hiyo?"

"Mara ya kwanza ilichukua mwaka na nusu."

"Mwaka na nusu. Mimi hapa Igulumo nina wanawake mia tatu na kumi na mmoja wenye punje. Watu ambao kwa sababu moja au nyingine walimjibu vizuri. Wageni, wenye hasira, wasio na adabu kama wewe. Shangazi akizimwa, punje zote zinalala. Mia tatu na kumi na mmoja, mwezi ujao, wanarudi kwenye taulo na viroba." Akainua kidole. "Na wewe wa mia tatu na kumi na mbili."

"Najua."

"Hujui. Umesahau. Mwili unasahau haraka, ndiyo huruma yake."

Nyamizi alimwokotea bandeji iliyoanguka.

"Fundisha watu," Milembe akasema, sasa kwa kubembeleza. "Mmoja mmoja. Wasisalimie."

"Nilimfundisha Zamoyoni siku nane."

"Zamoyoni ni mtu wa peke yake."

"Dada, Zamoyoni ndiye Igulumo yote. Wa peke yangu ni mimi."

Milembe alirudi kwenye bandeji zake. Akasema bila kuinua uso, "Ungekuwa huna punje yako tumboni ningekusikiliza kwa urahisi zaidi. Sasa nikikutazama naona mtu aliyekwisha vuka mto, anataka kuvunja daraja ili asionekane peke yake ng'ambo."

Hilo Nyamizi alilibeba siku sita. Alipanda nalo ngazi sitini na mbili kwa pumzi moja, akashuka nalo. Alijiuliza kama ni kweli. Alijiuliza pia kama angeigundua ile taa endapo angepewa punje mara ya kwanza, na jibu alilijua. Mchana wa siku ya sita alitazama dirisha la ng'ambo. Mlaumiwa mpya alikuwa ameshawekwa winchi namba nne, binti mwembamba, anatafuna karanga.

Kwenye mtoto wa meza, kila kibanda kilikuwa na fomu moja. Katika miezi tisa ya darasa, miezi mitatu walifundishwa kuijaza fomu hiyo. Hakuna aliyewahi kuijaza, maana mashine zilikuwa hazikosei. Fomu ya Kukubali Kosa. Jina, kosa, nani ameumia, nani mwingine anahusika.

Nyamizi akachukua kalamu. Kwenye nani mwingine anahusika, aliwakumbuka wale tisa mmoja mmoja kwa majina, akaandika: hakuna.

5

Walimzima Shangazi siku ya Jumanne, saa tano asubuhi. Watu wawili walikuja na bisibisi na karatasi, wakabandika karatasi kwenye kioo. Wakati taa ya kijani inazimika, mama mzee aliyekuwa kwenye foleni alisema, "Buriani, Shangazi," kwa sababu mtu hawezi tu kuondoka hivi hivi.

Hawakumfunga Nyamizi. Walimpa adhabu iliyolingana na kosa. Zinatakiwa sauti elfu tisini mpya, na yeye arudi barabarani na kinasa sauti, aanzie kwao, mpaka atakapoambiwa basi.

Mwezi wa kwanza ukapita, punje zilikuwa na masalia ya dawa. Mwezi wa pili Igulumo yote iliijua habari yake. Bandarini watu walimpisha njia kama anayenuka. Nesi Milembe, ambaye sasa alikuwa anafungua zahanati kila siku na hana cha kutoa zaidi ya vidonge vya chuma na pole, alikutana naye sokoni, akapita. Hakumsalimia. Katika maisha yake Nyamizi alishatukanwa mengi, lakini hilo ndilo lililomfanya ashike nguzo ya kibanda cha nyanya.

Asubuhi moja alikuta ndoo mlangoni kwake. Ndani kulikuwa na vitambaa vimelowa, vyeusi tayari kwa kukaa. Juu yake karatasi: Ni vyako. Fua.

Alikaa kizingitini, akavuta ndoo katikati ya magoti, akafua. Akaanika kamba nzima. Siku ya pili hapakuwa na ndoo, ila vile vitambaa vilikuwa vimechukuliwa bila fujo, na kamba imeachwa na vibanio vyake vyote.

Siku ya tatu ya mwezi wake, akiwa na pedi mbili na taulo na kaptula na kanga, alichukua kinasa sauti akaenda nyumba ya kwanza kwenye orodha.

"Hodi!"

"Karibu, mwenzangu, sukuma, hakijafungwa."

Zamoyoni alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, gongo lake pembeni, anachambua mchele kwenye ungo. Mikono yake ilikuwa myeupe viganjani kama ya mtu aliyeshika unga.

"Ndiyo umekuja na kidude chako," akasema. "Kikubwa. Nilidhani kitakuwa kama cha sinema."

"Wananuna wengine, wewe hununi?"

"Nikinuna nani atanichekesha? Kaa."

Nyamizi alikaa taratibu, kwa upande, kama anavyokaa mtu anayelinda mkeka wa watu. Akawasha. Taa ya kijani ikawaka kati yao.

"Hali yako, Zamoyoni?"

"Salama tu, shoga."

Kidole gumba cha Nyamizi kilikuwa juu ya kitufe. Kilipajua pale. Kwa miezi mingi ya ujana wake kilibonyeza hapo hapo, kwa wema. Akakiondoa, akakiweka pajani, akakikandamiza kwa mkono mwingine.

Zamoyoni alichambua mchele. Akatoa jiwe moja, akalitupa nje.

"Utakunywa chai?"

"Baadaye."

"Kuna mihogo." Akakitazama kidude. "Bado kinawaka hicho?"

"Bado."

"Nimeshakijibu."

"Ndiyo."

"Sasa kinangoja nini?"

"Hakuna haraka," Nyamizi akasema. "Siku hizi kinakaa."

Nje kuku alipita mlangoni, akachungulia, akaenda zake. Zamoyoni alitikisa ungo mara moja, mara mbili, halafu akauweka chini. Alivuta kanga juu ya magoti. Alianza kutabasamu lile tabasamu lake la kuingilia mzaha, likafika nusu likarudi.

"Salama," akasema tena, polepole, kama anayefunga mlango mmoja ili afungue wa pili. "Ila mwenzangu. Ila nikilala naogopa. Naona kama yote yatatoka, na asubuhi watakuta ngozi tu imekunjwa kitandani." Alifuta mdomo kwa kiganja. "Na sikupenda kukwambia, kwa sababu ungeniuliza kwa nini sikusema."

"Sikuulizi."

"Kuna mengine."

"Sema."

Akaanza kusema. Taa ilikaa ya kijani. Katikati ya maneno, Nyamizi alisikia bonge lake linashuka, zito, la moto, likapita ngome zote, na mkeka chini yake ukaanza kulowa.

Hakuinuka.